Mkalimani wa Sauti ya Kaka Yangu

Kaka yangu aliteremka kwenye kombaini katikati ya ngano, injini ikiwa bado inaunguruma, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Ni mwendo wa saa tatu. Alipofika alipita mbele ya baba bila kumsalimu, akaingia zizini, akakaa chini pamoja na ndama. Kati ya mambo hayo mawili, la kuiacha mashine ya serikali ikiunguruma peke yake shambani na la kumpita baba bila salamu, sijui lipi lilimuudhi baba zaidi. Nadhani la pili. Mashine haikuwa yake.

Enzi zile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yanalimwa kweli, yameanzia huku kwetu yakaenda mpaka macho yachoke, na kijana wa Hanang aliyepewa kombaini aendeshe alikuwa mtu. Kaka alivaa ovaroli ya buluu hata siku za kwenda kanisani. Sisi tulikaa Nangwa: baba, kaka na mimi. Mama alikwishafariki. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu wa UPE, yaani mmoja wa wale vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu harakaharaka ili shule zisikose walimu. Nilijiona msomi sana. Nilisahihisha Kiswahili cha kila mtu, hata cha padri.

Jioni ile nilimfuata kaka zizini na uji. Aliniambia kwamba kuna mwanamume anamsemesha. Alianza kumsikia ndani ya mngurumo wa kombaini, akadhani ni msaidizi wake anampigia kelele kutoka chini, akapunguza mafuta ili amsikie vizuri. Mngurumo ukashuka, yule mwanamume hakushuka. Hakuniambia anasemeshwa nini, nami sikuuliza. Nilimwambia anywe uji wake, amechoka tu na mavuno.

Baba alimfunga. Nasema wazi kwa sababu watu wa kwetu wanapenda kusema "tulimtunza ndani". Alimfunga mguu wa kushoto kwa mnyororo wa kuvutia trekta, kwenye nguzo ya katikati ya nyumba, siku kumi na moja. Na sababu aliyoitoa haikuwa ugonjwa. Alisema kijana ameota kiburi cha mshahara: baba akiingia yeye anatoka, baba akimwita anakimbilia kwenye mahindi, salamu hatoi, chakula hali naye. Kwetu mtoto asiyemsalimu baba yake ana kesi, awe mzima au mgonjwa. Majirani walikubaliana na baba. Mimi nilipika, nikamlisha kaka pale kwenye nguzo, na siku ya tisa nikamwandikia barua muuguzi wa magonjwa ya akili aliyekuwa Katesh, nikaipeleka kwa dereva wa lori la ngano.

Alikuja siku mbili baadaye kwa pikipiki ya wilaya. Alikuwa mtu wa Kusini, Mwislamu, mnene kidogo, amevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi yetu, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ilibidi unyamaze ndipo umsikie. Alimpa baba shikamoo yake vizuri, akaulizia mifugo, akaulizia mvua, akanywa maziwa mpaka akamaliza kibuyu. Ndipo akaomba ufunguo wa kufuli.

"Daktari," baba alisema, maana kwetu kila aliyeshika sindano ni daktari, "nitakufungulia. Lakini sikia. Mvua za kwanza zikinyesha huyu hajawa mtu, mnyororo unarudi, na wewe usikanyage tena hapa. Sitaki boma langu liwe la maonyesho."

"Nimekubali, mzee."

Nilihesabu kichwani. Ilikuwa imebaki miezi mitatu na kitu.

Vidonge alivileta, na vilipokosekana Katesh alituambia vimekosekana, hakutudanganya. Lakini tiba yake hasa ilikuwa maneno. Alinieleza akiwa amesimama karibu na pikipiki: vidonge vinapunguza kelele, ila huyu anayeongea hajaondoka, na wagonjwa wote aliokaa nao kwa miaka waliambiwa wasisikilize, na hakuna aliyeweza. "Sasa mimi nasema tumsikilize. Tumpe saa yake, tumhoji kama shahidi. Anataka nini, anatishia nini, na hicho anachotishia kinatokea au hakitokei. Mgonjwa akishaona kwamba anaweza kumbishia, nusu ya kazi imekwisha." Nilimwona kama mtu anayetaka kumkaribisha mwizi chai. Nikaitikia ndiyo. Alikuwa mkubwa kwangu.

Alikuwa na sharti moja. Kaka ayaseme maneno kama yalivyo, katika lugha inayomjia, bila kupunguza. Na maneno yalimjia kwa Kiiraqw. Kaka alijaribu kuyageuza Kiswahili, akashindwa, alisema yakigeuka yanakuwa kama ya mtu mwingine na yule mwanamume anakasirika. Muuguzi Kiiraqw hakujua hata kuomba maji. Akanigeukia.

"Mwalimu, utaweza kunitafsiria?"

Nisiweze mimi?

Tulikaa nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa jikoni, baba ametumwa shambani makusudi. Kaka alikaa kwenye gogo, amekalia viganja vyake. Muuguzi akamuuliza sauti inasema nini sasa. Kaka akafumba macho, akasikiliza, akayasema. Ilikuwa sentensi fupi. Ilimwambia achukue panga amkate baba, na ikataja mahali pa kukata.

Muuguzi aliniangalia akingoja.

"Inasema aondoke nyumbani," nilisema.

Sikufikiria. Mdomo ulikwenda wenyewe. Kwetu maneno ya kumwaga damu ya mzazi hayatamkwi. Hata mtu akisimulia ugomvi wa watu wa kijiji kingine anazunguka, anasema "alitaka kufanya lile jambo", na wote wanaelewa na kutazama chini. Kulitamka ni kulileta bomani. Mtoto wa kike akilitamka juu ya baba yake mwenyewe, wazee watadai kondoo achinjwe na nyumba isafishwe. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Lakini ilikuwapo nyingine. Nilijua muuguzi akisikia ataandika, na akiandika kaka atapelekwa hospitali ile kubwa ya mbali ambako tulimjua mmoja aliyekwenda na hatukumjua aliyerudi. Na baba akisikia, mnyororo hautangoja mvua.

Kaka alifumbua macho akanitazama. Nilidhani ananishukuru.

Basi muuguzi wa watu akaanza kutibu ugonjwa ambao haukuwepo. Wiki mbili baadaye alirudi, akakaa, akasema, "Muulize: aondoke aende wapi?" Kaka akauliza kwa Kiiraqw, akangoja, akarudia alichojibiwa. Alichojibiwa kilikuwa kilekile, na matusi juu yake. Ikabidi nitunge. Nikasema inataka aende Mbulu kwa mjomba. Muuguzi akafurahi kweli, akaandika. Akasema, mwambie kwamba kwenda Mbulu kwa mjomba si jambo baya, akipata nafuu atakwenda kwa basi kama mtu mwingine, haina haja ya kupigiwa kelele. Nikayageuza Kiiraqw ili yule mwanamume ayasikie kwa lugha yake, uso mkavu. Leo nikikumbuka nataka kucheka na nataka kujipiga makofi. Mjomba mwenyewe alikuwa hakai Mbulu hata kidogo.

Tuliendelea hivyo. Kila muuguzi alipouliza, sauti ilitaka damu, na mimi nilimpelekea Mbulu. Nilikuwa mzuri katika kazi hiyo. Niliweka sababu, niliweka mjomba mgonjwa, niliweka shamba la urithi. Na kaka alizidi kukonda. Alianza kulala nje, chini ya kihenge cha mahindi. Akimwona baba anakuja kwa njia ya kisimani, yeye anapitia kwenye miiba. Muuguzi alikuna kichwa. "Haiendi," aliniambia mara ya nne. "Nimewaona watu wenye sauti kali kuliko hii wakipata nafuu kwa muda huu. Hii inataka safari tu. Kuna kitu sikioni." Nikamwambia labda ni vidonge.

Nyumbani nilificha mapanga. Tulikuwa na mapanga mawili na shoka, yote nikayaingiza chini ya godoro langu, nikawa nalala juu yake kama kuku aliyeatamia. Baba akayatafuta, akanilaumu mimi, akalaumu watoto wa jirani, akalaumu wafanyakazi wa kambi ya ngano. Nilitafuta pamoja naye, mpaka kwenye zizi la mbuzi.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani asubuhi. Trekta za shamba la serikali zilikuwa barabarani kila siku, zinakwenda kulima. Baba naye aliutoa mnyororo stoo, akaupaka mafuta ya trekta ili kufuli isikwame. Aliupaka mlangoni, mchana, mbele yetu wote, wala hakuwa na hasira. Alikuwa anatimiza ahadi.

Ndipo sauti ikatoa tishio. Ilimwambia kaka kwamba Alhamisi inayofuata jua lisizame hajafanya. Likizama hajafanya, ng'ombe wote wa baba watakufa wakiwa wamesimama. Maneno haya ya ng'ombe niliyatafsiri sawasawa, moja baada ya jingine, na nilijisikia mwaminifu sana.

Muuguzi alipiga goti lake kwa furaha. "Hii sasa inapimika! Mpaka leo ilikuwa inaamuru tu. Sasa imeahidi kitu tunachoweza kukiona kwa macho." Alimgeukia kaka. "Alhamisi nitakuja. Hutaondoka nyumbani. Tutakaa zizini sote, mpaka jua lizame, tuone ng'ombe gani atakufa. Na mzee atakuwepo. Asipoona mwenyewe, ataendelea na mnyororo wake."

Kaka alitikisa kichwa kukataa. Alitikisa sana. "Baba asiwepo," alisema, kwa Kiswahili.

"Baba lazima awepo," muuguzi alisema kwa upole.

Nilikuwa na wiki nzima ya kusema. Siku tatu nilitembea mpaka barabarani nikitafuta gari la kwenda Katesh, na mara zote tatu gari lilipopatikana nilirudi shuleni kufundisha. Niliwafundisha darasa la nne kuandika barua ya kirafiki. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya wiki ile.

Alhamisi muuguzi alifika saa saba mchana. Baba alikuwa ameshaanza kuwakatia ng'ombe mabua, kwa sababu hawakupelekwa malishoni siku hiyo. Alikuwa anakata kwa panga. Lilikuwa la jirani, jipya, limenolewa mpaka linang'aa. Ya kwake yalikuwa yamepotea, kwa hiyo alikuwa ameazima.

"Mzee, kaa hapa karibu na kijana," muuguzi alisema.

Baba akakaa kwenye gogo lilelile alilokalia kaka pale zizini. Hawakuwa wamekaribiana hivyo tangu mavuno. Panga aliliweka chini, juu ya mabua, kati ya mguu wake na mguu wa kaka. Muuguzi alikaa kwenye kigoda upande wa pili, anaangalia ng'ombe. Mimi nilisimama.

"Baba, naomba panga nikapasue kuni," nilisema.

"Kuni zipo."

"Ni mbichi, baba."

"Kaa chini wewe. Daktari amesema tukae."

Nikakaa. Ng'ombe sita wakubwa na ndama watatu walikuwa wanatafuna. Kaka alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, uzito wote ameuweka juu yake, na jasho lilimtoka kwenye upepo ule wa baridi. Midomo yake ilikuwa inatembea. Kila baada ya muda muuguzi alimuuliza kama bado inasema, naye aliitikia kwa kichwa. Saa tisa ng'ombe mwekundu akalala chini. Kaka aliruka kama aliyechomwa, baba akamshika bega akisema ng'ombe analala tu, tulia, na mkono wa baba ulipomgusa kaka alitoa mlio ambao sijausikia kwa mtu mwingine tena. Muuguzi alimwambia vizuri, vizuri, endelea kukaa. Yule ng'ombe alianza kucheua.

Mimi nilikuwa natazama panga. Nilikuwa nimeshapima: baba angehitaji hatua moja kurudi nyuma, na nyuma yake palikuwa na ukuta wa zizi. Nilikuwa nimepima na mkono gani wa kaka ungetoka kwanza. Namtazama ndugu yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni kwenda shule mto ulipofurika, na nampimia umbali.

Jua lilifika kwenye miti ya mipaka. Muuguzi akageuka.

"Inasema nini sasa?"

Kaka alimtupia baba jicho. Baba alikuwepo, na baba anajua Kiiraqw.

"Sema tu, mzee hatakasirika. Inakuamuru nini?"

Kaka akaniangalia mimi. Baba naye akaniangalia. "Inasema nini hii sauti?" aliuliza. "Miezi yote mnakaa nyuma ya jiko, mimi sijaambiwa."

"Binti," muuguzi alisema, "wewe umeitafsiri mara nyingi. Mwambie mzee inachomwamuru."

Neno la Mbulu lilikuwa mdomoni tayari. Lilikuwa rahisi, na jua lilikuwa limebakiza kidogo tu. Kama ningelisema tungemaliza siku, labda. Nilimtazama kaka na nikaona kwamba ameacha kunitazama. Alikuwa anatazama panga.

Kwa Kiiraqw nisingeweza, najua nisingeweza. Nikasema kwa Kiswahili, lugha ya ubaoni, na nikaisema kwa sauti ya mwalimu.

"Inamwambia akukate wewe, baba. Kwa panga. Shingoni. Imesema hivyo tangu siku ya kwanza, na mimi nimekuwa nadanganya."

Hakuna aliyesimama. Hicho ndicho kilichonishangaza. Nilidhani nikitamka tu, mbingu zitashuka, na ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna kwenye nguzo. Muuguzi alibadilika rangi. Aliinama polepole, akalichukua panga kwa mpini, akaliweka nyuma ya kigoda chake, akakaa tena. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ileile ya chini.

"Ni kweli?" alimuuliza kaka.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye kombaini."

"Kila siku?"

"Kila siku. Baba akiwa karibu ndiyo inazidi."

"Na ikikuambia, wewe unafanya nini?"

Kaka alikuwa analia sasa, kamasi zinashuka na hana mkono wa kuzifuta. "Naondoka alipo. Nikimsogelea kumsalimu inapiga kelele, basi simsalimu. Nakula peke yangu. Nalala nje."

Baba alivua kofia. "Kwa hiyo ulikuwa unanikimbia," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilidhani ni kiburi."

"Ndiyo, baba."

"Na zile siku nilizokufunga..."

"Zile zilikuwa nzuri," kaka alisema. "Nilikuwa nalala."

Sijawahi kumwona baba akilia, na siku ile pia sikumwona, kwa sababu aliinuka akatugeuzia mgongo, akaanza kuyapanga mabua ambayo hayakuwa na shida yoyote. Alimpa kaka mgongo wake mzima, kwa umbali wa mkono. Muuguzi alisogeza kigoda mpaka magoti yake yakagusana na ya kaka.

"Inasemaje sasa?"

"Inapiga kelele."

"Na wewe?"

Kaka alifikiri. "Nimekaa," alisema.

"Miezi minne imekuamuru, na miezi minne umekataa. Hakuna mtu aliyekusaidia kukataa, wala mimi. Nani mwenye nguvu kati yenu?"

Kaka alitoa mkono mmoja chini yake akajifuta pua. Jua lilizama. Tulingoja mpaka ng'ombe wakawa vivuli, na wote walikuwa hai, mmoja alikuwa amekojoa karibu na kiatu cha muuguzi. Baba alipita katikati yao akimgusa kila mmoja mgongoni.

Muuguzi aliniita kwenye pikipiki. Alijaribu kuiwasha mara nne, mguu ukateleza mara nne.

"Nimemketisha mzee pale," alisema. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nimemwambia akae karibu. Unaelewa?"

"Naelewa. Nisamehe, mzee."

"Ulikuwa unamlinda nani?"

Nilisema, kaka. Nikasema, baba pia. Muuguzi akasema na yeye ana kosa lake, ila hakunieleza ni lipi, akaondoka na taa moja.

Mnyororo haukurudi. Mvua za kwanza zilinyesha siku nane baadaye na baba aliuchukua akaupeleka kwenye karakana ya shamba la ngano ulikotoka. Mimi nilichinjiwa kondoo, kama nilivyojua itakuwa, na nilikula nyama yake nikiwa na aibu. Tiba ikaanza upya, safari hii na maneno yenyewe, na baba anakaa kigodani akisikiliza mtoto wake anavyoamriwa kumuua, uso wake kama wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Sauti haikuisha. Kaka alipewa kazi karakanani, kusafisha spea, mbali na kombaini, na jioni akirudi alikaa kwenye gogo kwa muda aliopangiana nayo, akaisikiliza, akaijibu, akainuka kwenda kukamua. Mchana ikimwita aliiambia bado. Mwaka uliofuata alimsalimu baba akiwa amesimama karibu naye, na baba akaitikia kama vile ilikuwa asubuhi yoyote.

Nilipohamishiwa shule moja ya Mbulu, kaka alinisindikiza kungoja basi. Tulikaa juu ya sanduku langu. Sijui tulikuwa tunaongea nini, nadhani bei ya viatu, nikamwambia nimefurahi kwamba amepona, na kwamba Mungu anisamehe kwa zile tafsiri. Aliangalia barabara.

"Mimi Kiswahili nakijua, mdogo wangu," alisema.

Sikumwelewa mara moja.

"Kombaini nilifundishwa kwa Kiswahili. Kila uliposema Mbulu, nilisikia. Na yule naye alisikia. Alikuwa anacheka. Aliniambia, unaona, hata dada yako anajua utafanya, ndiyo maana anaficha."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Nilijiambia, siku dada akiyasema kwa mdomo wake na asikimbie, nitajua kwamba mimi si huyo mtu."

Basi likatokea kwenye kona. Alinyanyua sanduku akampa utingo, akamwambia anishushe karibu na soko, nisije nikapitishwa. Nilipanda nikakaa dirishani, naye akasimama chini ananipungia, na nilitaka kumwambia kwamba alikuwa amenielewa vibaya, kwamba sikumwogopa hata siku moja. Lakini nilikuwa nimelalia mapanga miezi mitatu. Nilimwogopa kaka yangu, na katika nyumba ile yeye ndiye peke yake ambaye hakumdhuru mtu.